Ugonjwa wa SS: jeni ni ile ile, lakini umri, jinsia na maisha vinabadilisha hali ya mgonjwa

Karibu watoto 40,000 wanazaliwa kila mwaka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wakiwa na ugonjwa wa damu ambao wakaaji wengi wa mashariki wanauita tu SS, na ambao wanganga wanauita drepanositozi. Hayo ni makadirio ambayo wataalamu walitoa kwa mwaka wa 2010. Nigeria, India na Kongo, nchi hizo tatu peke yake, zinabeba zaidi ya nusu ya watoto wote wa SS wanaozaliwa duniani.

Watoto hao wote wana kosa lile lile katika jeni ile ile. Hata hivyo, mmoja anakufa kabla ya kufikisha miaka mitano, na jamaa yake haijui hata siku moja alikuwa na ugonjwa gani. Mwingine anakomaa, anapata diploma, anaoa au anaolewa, na anazaa. Mara nyingine hao wawili ni ndugu wa tumbo moja, waliokula sahani moja.

Wazazi wengi wanajiuliza: kama ugonjwa ni wa kurithi, na hakuna mtu anayeweza kubadilisha damu aliyozaliwa nayo, tofauti hii inatoka wapi? Jibu ni kwamba jeni haifanyi kazi peke yake. Inakutana na jeni zingine, inakutana na umri wa mtoto, na jinsia yake, na mahali anapoishi, na maji anayokunywa, na dawa anazopata au anazokosa. Wazazi hawawezi kuibadilisha jeni yenyewe, lakini mengi kati ya hayo mengine yako mikononi mwa watu.

Herufi moja tu

Jeni ni kama maandishi ambayo mwili unasoma ili kutengeneza kila kitu unachohitaji. Kila mtu anapokea maandishi hayo mara mbili: mara moja kutoka kwa baba na mara moja kutoka kwa mama. Kila mzazi anatoa herufi karibu bilioni 3. Katika ugonjwa wa SS, herufi moja tu ndiyo imebadilika.

Herufi hiyo iko katika jeni inayosaidia kutengeneza hemoglobini, kitu chekundu ndani ya damu ambacho kinabeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni hadi katika mwili wote. Mwaka wa 1957, mtaalamu Vernon Ingram, aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba hemoglobini ya mgonjwa inatofautiana na ile ya kawaida katika sehemu moja ndogo sana: kipande kimoja cha protini kimechukua nafasi ya kingine.

Matokeo yake si madogo. Oksijeni inapopungua, hemoglobini hiyo inashikamana na kuwa kama vijiti vigumu. Chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni laini na ya mviringo, inajikunja kama mundu. Inakwama katika mishipa midogo, na hapo maumivu makali yanaanza: katika mifupa, tumbo, kifua. Tena chembe hiyo haidumu. Ile ya kawaida inaishi siku 120 hivi. Ile ya mgonjwa wa SS inaishi siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mgonjwa anakosa damu na macho yake yanakuwa ya manjano.

Si kosa la mama peke yake

Mtu aliyerithi jeni yenye kosa kutoka upande mmoja tu anaitwa AS. Mara nyingi hana ugonjwa na hajui chochote. Lakini AS akizaa na AS mwenzake, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS, nafasi mbili kati ya nne za kuleta mtoto wa AS, na nafasi moja ya kuleta mtoto wa AA, ambaye hana jeni hiyo kabisa. Hesabu hiyo inaanza upya kwa kila mimba. Kuna jamaa zenye watoto watano bila SS hata mmoja, na kuna nyingine ambapo wawili wa kwanza wote ni wagonjwa.

Katika jamaa nyingi, mtoto anapougua tena na tena, lawama zinaanguka juu ya mama. Anaambiwa kwamba damu ya ukoo wake ni mbaya. Wengine wanatafuta mchawi, na mara nyingine mtoto mwenyewe ndiye anayeshutumiwa. Maabara inasema kitu kingine: mtoto wa SS hawezi kuzaliwa bila kupokea jeni hiyo kutoka pande zote mbili. Baba ametoa nusu, mama ametoa nusu, na wote wawili walipewa na wazazi wao bila kuchagua.

Tena watu wa AS si wachache. Mjini Kinshasa, wanganga wakiongozwa na Profesa Léon Tshilolo walipima watoto wachanga 31,204 na kutangaza matokeo mwaka wa 2009. Asilimia 1.4 walikuwa SS, na karibu asilimia 17 walikuwa AS. Ni sawa na mtoto mmoja kati ya sita. Katika kwaya ya watu 30, watano hivi wangeweza kuwa AS bila kujua.

Ngao ya malaria

Kwa nini jeni inayoua imeenea namna hiyo? Mwaka wa 1954, munganga Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliandika kwamba watu wa AS wanalindwa dhidi ya malaria. Utafiti wa baadaye ulithibitisha jambo hilo: jeni moja ya S inapunguza hatari ya malaria kali kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa maelfu ya miaka, katika nchi za mbu wengi, watoto wa AS waliokoka malaria kuliko wenzao, wakakua, wakazaa, wakapitisha jeni hiyo kwa watoto wao.

Kwa hiyo herufi ile ile inaweza kuwa ngao au ugonjwa. Mtu akiwa na moja, anayeishi katika bonde la Ruzizi au kando ya Ziwa Tanganyika ambako mbu ni wengi, inamsaidia. Mwenye jeni hiyo hiyo aliyezaliwa Chicago, ambako malaria hakuna, haimsaidii kitu. Na mtoto aliyerithi mbili halindwi hivyo. Kinyume chake, malaria inavunja haraka damu kidogo aliyo nayo na inaweza kumuua kwa siku chache. Wazazi wanaosikia kwamba «SS haigui malaria» wanadanganywa. Mtoto wa SS ndiye anayehitaji chandarua kuliko wote nyumbani.

Kila umri na hatari yake

Mtoto wa SS anapozaliwa anaonekana mzima kabisa. Sababu ni kwamba tumboni na katika miezi ya kwanza anatumia hemoglobini ya aina nyingine, ile ya mtoto mchanga, ambayo haina kosa. Kadiri miezi inavyopita, mwili unaacha kutengeneza hiyo na kuanza kutengeneza ile ya watu wakubwa. Ni karibu na mwezi wa sita ndipo ugonjwa unajitokeza. Alama ya kwanza mara nyingi ni mikono na miguu ya mtoto kuvimba na kuuma. Mabadiliko hayo yanatokea wakati mtoto anaanza kula uji, na hapo ndipo jamaa nyingi zinasema amerogwa au amelishwa kitu.

Miaka mitano ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi. Bandama, kiungo kinachosafisha damu na kupigana na vijidudu, inaharibika mapema. Mtoto anabaki bila ulinzi mbele ya vijidudu vinavyoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Bandama hiyo hiyo inaweza pia kuvimba kwa ghafla na kumeza damu nyingi kwa saa chache. Mzazi aliyefundishwa kupapasa upande wa kushoto wa tumbo la mtoto anaweza kugundua hatari hiyo na kukimbia hospitali kwa wakati.

Hapa dawa ya zamani na ya bei ndogo inabadilisha kila kitu. Mwaka wa 1986, utafiti uliofanywa Marekani juu ya watoto 215 ulionyesha kwamba penisilini ya kumeza, mara mbili kwa siku, ilipunguza maambukizi hayo makali kwa asilimia 84. Utafiti ulisimamishwa miezi minane kabla ya wakati wake, kwa sababu haikuwa halali tena kuwanyima dawa watoto wa kundi lingine. Lakini penisilini inasaidia tu yule ambaye ugonjwa wake umejulikana mapema.

Baadaye hatari inabadilika sura. Kuanzia miaka miwili na kuendelea, mshipa wa damu unaweza kuziba katika ubongo, na mtoto akapooza upande mmoja au akaanza kushindwa masomo bila sababu inayoonekana. Katika ujana maumivu yanaongezeka, vidonda vya miguu vinachelewa kupona, na mfupa wa nyonga unaweza kufa polepole hadi kijana anachechemea. Kwa watu wazima, figo na mapafu ndivyo vinavyochoka. Munganga anayejua umri wa mgonjwa anajua pia ni kiungo gani cha kuchunguza kwanza.

Mvulana na msichana

Kuna jeni zinazowagonga zaidi wanaume. Mfano ni kosa la jeni linaloitwa G6PD, ambalo pia limeenea Afrika kwa sababu ya malaria. Mwenye kosa hilo anaweza kuvunjikiwa damu baada ya kumeza dawa kama primakwini, au mtoto mchanga kuvunjikiwa damu kwa sababu ya nguo zilizohifadhiwa na vidonge vyeupe vya naftalini. Jeni hiyo iko katika kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, na ile nzuri inaweza kumsaidia. Mwanaume ana moja tu.

Jeni ya SS haiko hapo. Iko katika kromosomu ya 11, ambayo wavulana na wasichana wote wanayo mara mbili. Kwa hiyo wanaipata sawasawa. Lakini hawaugui sawasawa.

Wavulana na wanaume wa SS wanaweza kupatwa na jambo ambalo wengi wanaficha kwa haya: uume kusimama kwa muda mrefu, kwa maumivu, bila tamaa yoyote. Damu imekwama. Hali hiyo ikipita saa nne ni hatari, na mgonjwa asipotibiwa anaweza kupoteza nguvu za kiume kwa maisha yote. Vijana wengi wanavumilia usiku kucha kwa sababu hawajui kwamba ni sehemu ya ugonjwa wao. Mzazi au munganga akimwambia mvulana mapema, bila kumcheka, anamwokoa.

Kwa wanawake, wakati mgumu ni mimba. Mwili unadai damu zaidi, maumivu yanaongezeka, na hatari inakuwa kubwa kwa mama na kwa mtoto. Hiyo haimaanishi kwamba msichana wa SS hawezi kuzaa. Inamaanisha kwamba mimba yake inapaswa kufuatwa tangu mwezi wa kwanza, na kuzaa kwake kufanyike hospitali yenye damu ya kuongeza. Hata hivyo, katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka wa 1994, wanawake wa SS waliishi zaidi kuliko wanaume: nusu ya wanawake walifika miaka 48, na nusu ya wanaume miaka 42.

Maji, baridi na tumbako

Figo za mgonjwa wa SS hazijui kubana maji. Anakojoa sana hata kama hakunywa vya kutosha, na damu ikikosa maji chembe zinashikamana haraka. Ndiyo maana mtoto wa SS anaweza kukojoa kitandani hata akiwa na miaka kumi. Kumpiga au kumnyima maji jioni ni kumwongezea ugonjwa. Shuleni naye anapaswa kuruhusiwa kunywa maji na kwenda chooni wakati wowote.

Baridi nayo inakaza mishipa. Katika miji ya juu kama Butembo, Goma na Bukavu, asubuhi za mvua si jambo dogo kwa mgonjwa. Sweta, maji ya moto ya kuoga na kuepuka kuogelea katika maji baridi ya ziwa ni sehemu ya matibabu. Kazi nzito ya kubeba mizigo bila kupumzika, pombe inayokausha mwili na moshi wa sigara unaochokoza mapafu vinaleta maumivu haraka.

Kuhusu watu wa AS, kuna utafiti unaoonyesha wazi namna jeni, umri, jinsia na mazoea vinavyosimama pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walifuata wanajeshi weusi wa Marekani karibu 48,000 waliokuwa kazini kati ya 2011 na 2014. Waliangalia ugonjwa wa misuli kuvunjika kwa sababu ya mazoezi makali. Wanajeshi wa AS walikuwa na hatari hiyo zaidi kwa asilimia 54. Lakini waliotumia tumbako siku za karibuni nao walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 54. Wenye uzito kupita kiasi walizidi kwa asilimia 39. Wenye miaka 36 na zaidi walizidi vijana wa chini ya miaka 21 kwa asilimia 57. Wanawake walikuwa na nusu tu ya hatari ya wanaume.

Na vifo je? Watu wa AS hawakufa zaidi ya wenzao. Katika jeshi hilo kila mtu, bila kujali damu yake, alilazimishwa kunywa maji, kupumzika na kuzoea joto polepole. Jeni ilibaki ile ile, lakini kanuni za kazi ziliondoa sehemu kubwa ya hatari yake. Kwa kijana wa AS anayecheza mpira, anayechimba madini au anayepanda Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, maana yake ni rahisi: fanya, lakini kunywa maji, panda polepole, na ukisikia maumivu ya ghafla katika misuli au upande wa kushoto wa tumbo, simama.

Dawa inayorudisha damu ya utotoni

Wanganga walikuwa wameona kitu kimoja: wagonjwa ambao mwili wao unaendelea kutengeneza hemoglobini ya mtoto mchanga wanaumwa kidogo. Mashariki ya Saudi Arabia na katika sehemu za India, wengi wanayo nyingi kwa sababu ya jeni zingine walizorithi. Wagonjwa wa Afrika ya Kati kwa kawaida wanayo kidogo. Hiyo ni moja ya sababu ndugu wawili wa SS wanaweza kutofautiana.

Dawa inayoitwa idroksiuria inaamsha tena hemoglobini hiyo. Utafiti uliotangazwa Januari 2019 uliwapa dawa hiyo watoto 606 wa miaka 1 hadi 10 katika miji minne: Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Kwa hesabu ya watoto 100 katika mwaka mmoja, matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98 hadi 45. Malaria ilishuka kutoka 47 hadi 23, kuongezewa damu kutoka 43 hadi 14, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Dawa hiyo si ya kununua famasi na kumeza kwa kubahatisha: inataka damu ipimwe mara kwa mara, na mwanamke anayetaka mimba sharti azungumze kwanza na munganga.

Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba inayobadilisha jeni zenyewe ndani ya chembe za mgonjwa. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Kwa jamaa ya Kivu, Ituri au Maniema, tumaini la leo haliko huko. Liko katika vitu ambavyo tayari vinajulikana.

Jamaa inaweza kufanya nini

La kwanza ni kupima. Kipimo kinachoitwa elektroforezi ya hemoglobini kinaonyesha kama mtu ni AA, AS au SS. Wachumba wanaweza kukifanya kabla ya ndoa, si ili kukatazana, bali ili wajue kinachowangojea. Mtoto akizaliwa katika jamaa ambamo kuna SS, apimwe katika miezi ya kwanza, kabla ya mikono kuvimba.

Akiwa SS, anahitaji penisilini hadi miaka mitano, chanjo zote, asidi foliki, chandarua kila usiku na maji ya kutosha kila siku. Siro ya chuma isitolewe bila munganga kusema: mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi tayari ana chuma kingi mwilini, na kikizidi kinaharibu ini na moyo.

Homa ya digrii 38.5 au zaidi, kupumua kwa shida, tumbo la kushoto kuvimba, mdomo kupinda au mkono kukosa nguvu, uume kusimama zaidi ya saa nne: kila moja ya hizo ni safari ya hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Kwanza hospitali, maombi yatafuata njiani.

Na baba mwenye mtoto wa SS, kabla ya kuuliza mke wake alitoa wapi damu hiyo, aende naye labo. Karatasi itaonyesha majina mawili, lake na la mke wake, na muda uliokuwa unapotea katika lawama utabaki kwa kumtunza mtoto.